Ya Wakubwa Tu: Vertigo na Haki ya Kumaliza Hadithi

Mjini kwetu kitu kikiandikwa "kwa wakubwa tu", akili za watu zinakimbilia chumbani. Iwe mkanda wa video, iwe gazeti, iwe kichekesho cha kijiweni, mkubwa ni yule anayeruhusiwa kuona nguo zikivuliwa. Ndiyo maana ukimwambia mtu unasoma katuni za wakubwa anakukonyeza, halafu anakuomba umuazime.

Sasa nyie wenzangu mnaoandika, nisikilizeni kidogo. Nimefuatilia katuni hizo kwa miaka, toleo hili na lile, na sitawadanganya: damu imo, matusi yamo, na vitanda vimo. Lakini ukubwa wake hauko huko. Hadithi zake zilikuwa na kitu ambacho katuni nyingi za Kimarekani zilikuwa zimenyimwa kwa zaidi ya miaka 50. Zilikuwa na mwisho.

Nazungumzia Vertigo, chapa ya kampuni ya DC ya Marekani, wale wenye Superman na Batman. Chapa ni jina la pembeni ambalo kampuni kubwa hulitumia kwa vitabu vya aina fulani, kama mwenye duka aliyefungua mlango wa pili upande wa uani. Mlango huu ulifunguliwa mwaka 1993. Ili ujue kwa nini ulihitajika, lazima turudi nyuma kwanza.

Mwaka 1938 vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, kila mmoja akiwa na miaka 23, waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Si kwa mwezi, bwana. Dola 130, basi. Wao wamekwishafariki, Superman bado anapaa. Hafi, hazeeki, na akifa toleo hili anafufuka toleo lile, kwa sababu ng'ombe anayetoa maziwa hachinjwi. Mwandishi anaajiriwa, anaandika miaka yake miwili mitatu, anaondoka, anakuja mwingine. Hakuna mwenye ruhusa ya kuandika neno "mwisho", maana hadithi si yake.

Halafu likaja la pili. Mwaka 1954 daktari wa akili aliyeitwa Fredric Wertham alitoa kitabu akidai kuwa katuni zinaharibu watoto. Kamati ya Seneti ikakaa New York kusikiliza mashahidi. Wachapishaji wakaingiwa na hofu, wakaamua kujifunga kamba wenyewe kabla serikali haijawafunga: wakaandika kanuni, na kila katuni iliyozifuata ikapewa muhuri juu ya jalada. Bila muhuri, wauzaji wengi hawakupokea. Kanuni zilisema mhalifu lazima ashindwe kila mara. Wanyonya damu na wafu wanaotembea walipigwa marufuku, na hata neno la Kiingereza la kutisha halikuruhusiwa kwenye jina la kitabu. Popobawa wetu asingepita pale hata kwa rushwa.

Kwa hiyo mwandishi wa katuni alikuwa amebanwa pande mbili. Hawezi kumaliza, maana mali si yake. Hawezi kusema kweli, maana muhuri hauruhusu.

Ufa wa kwanza mkubwa ulitokea mwaka 1984 kwenye mfululizo wa zimwi la kinamasi, Swamp Thing. Mwandishi alikuwa Mwingereza, Alan Moore wa mji wa Northampton. Mhariri alikuwa mwanamke aliyeingia DC mwaka 1979 kama msaidizi, Karen Berger. Toleo la 29 lilinyimwa muhuri. DC ikalichapa hivyohivyo, bila muhuri, na dunia haikuanguka. Muda si mrefu mfululizo ule ukaachana na muhuri moja kwa moja.

Huyu Karen Berger mkumbukeni, maana ndiye mtu wa habari hii. Waandishi huimbwa, wahariri husahauliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikwenda Uingereza kutafuta wengine wa aina ya Moore, akarudi na watu kama Grant Morrison, Peter Milligan na Neil Gaiman. Walitoka wapi hao wote kwa mkupuo? Wengi walipitia gazeti la katuni la kila wiki linaloitwa 2000 AD, lililoanza mwaka 1977. Pale kijana asiyejulikana alipewa kurasa chache tu aanze hadithi, aikoleze na aimalize papo hapo. Ukishindwa kumaliza kwa kurasa tano, nenda nyumbani. Nawaambia hili kwa sababu tunaandika kwenye jarida dogo kama hili, na kuna mtu anafikiri anapoteza muda. Wenzetu walijifunzia kumaliza hadithi kwenye kurasa za namna hii.

Sasa turudi kwa Moore, maana hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 1986 na 1987 yeye na mchoraji Dave Gibbons walitoa Watchmen, matoleo 12, hadithi yenye mwanzo, kati na mwisho. Mkataba ulisema kitabu kikiachwa kuchapishwa kwa muda fulani, haki zitarudi kwa waliokitunga. Kwa desturi ya siku zile, hilo lilionekana jambo la mwaka mmoja miwili tu. Lakini kitabu kilipendwa mno, DC ikaendelea kukichapa, inakichapa mpaka leo, na haki hazijawahi kurudi. Yaani kushinda kwao ndiko kulikowapokonya. Moore aligombana na kampuni, kwa hilo na kwa mpango wake wa kubandika katuni alama za umri, akaondoka mwishoni mwa miaka ile ya 1980.

Basi Vertigo ilipozaliwa mwaka 1993 chini ya Berger, ilibeba mambo hayo yote mgongoni. Iliunganisha mifululizo 6 iliyokuwa tayari inatembea: Swamp Thing, The Sandman, Hellblazer, Animal Man, Doom Patrol na Shade, the Changing Man. Msomaji wa Swamp Thing alilala na toleo la 128, akaamka na la 129 lenye jina jipya juu ya jalada. Pembeni yake vikaja vipya kabisa. Kimoja ni Enigma cha Peter Milligan na mchoraji Duncan Fegredo, matoleo 8, kuhusu mtu anayeishi maisha yaleyale kila siku mpaka shujaa wa katuni aliyoisoma utotoni anatokea kwelikweli. Kumbe Enigma kilitungwa kwa ajili ya chapa ya wakubwa iliyokuwa inaandaliwa na Disney! Ndiyo, Disney wenye Mickey Mouse. Wakaghairi kabla haijaanza, na mhariri Art Young akaja na kazi zake Vertigo. Hadithi nzuri ni kama mpangaji: akifukuzwa nyumba hii, anabeba godoro kwenda nyingine, ilimradi godoro ni lake.

Na hapo ndipo tofauti ilipoanza. Kwa mifululizo mingi mipya, Vertigo iliwaachia watunzi haki miliki, yote au sehemu yake. Preacher cha Garth Ennis na Steve Dillon kilikuwa kwa majina yao. The Invisibles ilikuwa ya Grant Morrison. Mwenye mali akitaka kufunga mlango, anafunga. Angalieni hesabu: Preacher kilianza 1995 kikaisha 2000, matoleo 66. The Invisibles ilianza 1994, na kipande chake cha mwisho kilihesabiwa kinyumenyume, kutoka 12 kushuka hadi 1, ili msomaji aone mwisho unamjia kama saa ya bomu. 100 Bullets ya Brian Azzarello na Mwargentina Eduardo Risso ilianza 1999 ikaisha 2009 kwenye toleo la 100, kama jina lilivyoahidi. Y: The Last Man ya Brian K. Vaughan na Pia Guerra, ambamo wanaume wote wanakufa isipokuwa mmoja na kima wake, ilikwenda matoleo 60, 2002 hadi 2008. Hata The Sandman, ambayo ni mali ya kampuni, iliachwa iishe mwaka 1996 kwenye toleo la 75 ilhali ilikuwa bado inauza. Kwa DC ya zamani huo ungekuwa wendawazimu.

Ukijua hadithi itakwisha, unaisoma kwa namna nyingine. Mtu akifa, amekufa. Kosa la toleo la 4 linalipwa toleo la 40. Huo ndio ukubwa ninaousema mimi. Mtoto anataka shujaa arudi kila Jumamosi, lakini mtu mzima anajua kuna siku harudi.

Msidhani mambo yalikuwa mteremko. Kufuata mfululizo mpya ni kamari, na kamari yenyewe ina utaratibu wake wa ajabu. Maduka ya katuni Marekani huagiza bidhaa miezi kama miwili kabla haijatoka, na kwa kawaida yasiyouzwa hayarudishwi. Mwenye duka anakisia. Akikisia vingi, hasara yake. Akikisia vichache, wateja wanakosa. Maana yake toleo la 2 na la 3 huagizwa kabla msomaji wa kawaida hajalifungua la kwanza. Mfululizo unaweza kuhukumiwa hata mashahidi hawajasikilizwa. Ndiyo sababu Vertigo walifikia hatua ya kuuza toleo la kwanza la The Unwritten, mwaka 2009, kwa dola 1 tu, ili watu waonje.

Tena kuna mtego mwingine. Vertigo ilisifika kwa kukusanya matoleo matano, sita, na kuyafanya kitabu kimoja cha kuwekwa rafuni. Jambo zuri, lakini wasomaji wengine wakaanza kusema, aah, mimi nitasubiri kitabu. Wakisubiri wengi, matoleo ya mwezi hayauzwi, na mfululizo unakatwa kabla hadithi haijafika mwisho. Sisi wa huku tumo kwenye kundi la mbali zaidi. Nimenunua Vertigo kwenye meza za mitumba, zilizochapishwa miaka kabla hazijanifikia, toleo la 7 bila la 6 wala la 8. Nilisoma, nililia, nilimsimulia kila mtu, na hakuna karani yeyote aliyenihesabu. Msomaji wa mtumba ni kama mzuka uwanjani: anashangilia goli na hakuna anayemsikia.

Halafu mwaka 2008 hadithi ikaja yenyewe mpaka kwa majirani zetu. Unknown Soldier, askari asiyejulikana, alikuwa shujaa wa zamani wa DC tangu 1966, Mmarekani wa Vita Kuu ya Pili mwenye uso uliofungwa bendeji. Mwandishi Joshua Dysart na mchoraji Mwitaliano Alberto Ponticelli walimchukua wakamweka kaskazini ya Uganda, kwenye ardhi ya Waacholi, mwaka 2002. Sasa ni Dakta Moses Lwanga, Mganda aliyekulia Marekani, anayerudi kwao akihubiri amani na kutibu watu. Anakutana na watoto waliotekwa na kupewa bunduki na jeshi la Joseph Kony. Anaua. Kisha anauharibu uso wake kwa mikono yake mwenyewe, na bendeji zinafuata.

Mwaka 2002 ndio mwaka jeshi la Uganda lilipovuka mpaka kuingia kusini mwa Sudan kumsaka Kony, na kisasi kikawarudia raia. Ndio miaka watoto wa vijijini walipokuwa wakitembea kila jioni kwenda kulala mjini Gulu, kwenye vibaraza na vituo, kisha asubuhi wanarudi. Dysart alikwenda mwenyewe kule kabla ya kuandika. Inaonekana. Ndani yake Waacholi wanabishana wao kwa wao kuhusu msamaha na kisasi, hawakai nyuma ya picha kama miti. Mtu mwenye bunduki wa katuni za Kimarekani yumo, lakini hadithi haimpigii makofi, inamuuliza maswali. Na matoleo ya 13 na 14 yalichorwa na Mkongo, Pat Masioni, ambaye kabla ya hapo alikuwa amechora kitabu kuhusu mauaji ya Rwanda ya 1994. Nilipoliona jina lake kwenye jalada nilisimama kidogo. Ina maana mlango ule wa uani unaweza kupitika kutoka upande wetu.

Mfululizo ulikatwa mwaka 2010 kwenye toleo la 25. Haukuuza vya kutosha. Lakini Dysart alipewa nafasi ya kuufunga mwenyewe, na hilo tuliseme, maana wengi hukatwa kama umeme, katikati ya sentensi.

Baadaye upepo uligeuka. Kampuni ya Image, iliyoanzishwa mwaka 1992 na wachoraji waliowakimbia mabosi wao, ilikuwa inawaachia watunzi haki zao zote. Vaughan yuleyule wa Y alipoanza Saga mwaka 2012, aliipeleka Image. Desemba mwaka huohuo Karen Berger alitangaza kuondoka, akatoka 2013. Vertigo ikajaribu kujifufua mwaka 2018 kwa mifululizo mipya. Mmoja wao, Second Coming, ulizua malalamiko ya kidini, ukafutwa mapema 2019 kabla hata toleo la kwanza halijatoka. Lakini haki zilirudi kwa waliotunga. Wakabeba godoro lao kwenda kampuni ndogo ya Ahoy, na hadithi ikatoka mwaka huohuo. Juni 2019 DC ikatangaza kuifunga chapa, na kufikia Januari 2020 Vertigo haikuwepo. Oktoba 2024 ikatangazwa kwamba jina linarudishwa.

Wakati wa ukimya huo kukatokea kasheshe lingine. Bill Willingham alikuwa ameandika Fables, matoleo 150 kati ya 2002 na 2015, juu ya watu wa ngano wanaoishi uhamishoni New York. Septemba 2023, baada ya mivutano mirefu na DC juu ya mkataba, alitangaza kuwa anaiachia Fables kwa umma wote, kila mtu aitumie. DC ikajibu kuwa Fables ni mali yake na italinda haki zake. Zaidi ya miaka 20 baada ya toleo la kwanza, na bado watu hawakubaliani hadithi ni ya nani! Kutoka dola 130 za mwaka 1938 mpaka hapo, swali ni lilelile.

Kwa nini nimewachosha na mambo ya ughaibuni? Kwa sababu swali hilo limefika kijiweni kwetu. Mshikaji wangu mmoja anachora. Ana mhusika wake, kondakta wa daladala anayeota ndoto za abiria wake, na amekwisha kuandika kurasa 40. Mchapishaji mmoja ameipenda. Amemletea karatasi ya ukurasa mmoja yenye malipo ya mara moja na sentensi isemayo kuwa haki zote, za sasa na za baadaye, ni za mchapishaji. Hela yenyewe inatosha kodi ya miezi mitatu. Mshikaji anadaiwa kodi ya miezi miwili. Mnaona mizani ilivyo.

Sikumwambia asisaini. Ni rahisi kuwa shujaa kwa kodi ya mwenzio. Tulikaa, tukasoma pamoja. Nilimkumbusha kuwa tangu 1999 tuna sheria ya hakimiliki na kuna COSOTA, kwa hiyo sentensi ile si maombi, ina meno. Tukaandika mambo matatu ya kuomba: jina lake libaki kwenye kila toleo, mchapishaji akikaa mwaka mzima bila kuchapa, haki zirudi, na hapo nilimsimulia Watchmen, tukaongeza maneno yanayosema "kuchapa" maana yake ni nini, na la tatu, asiandike mwingine yeyote mwisho wa yule kondakta. Alilipigania hilo la tatu kuliko hela. Amepeleka. Bado hajajibiwa, na mwenye nyumba ameshagonga mara moja.

Mifululizo mipya itakuja, ya Vertigo na ya wengine, na mingine, Mungu akipenda, itakuwa yetu. Ukiona toleo la kwanza, hata la mtumba, usiishie kwenye jalada. Fungua ndani, tafuta yale maandishi madogo kuliko yote, yenye alama ya haki miliki na mwaka. Soma jina lililoandikwa pale. Huyo ndiye atakayeamua kama hadithi unayoanza kuipenda itakwisha, na itakwisha vipi.